Kisanduku cha Ila

Mtu wa kata ya Keza akifikisha miaka arobaini na sita, hubeba jembe, hubeba mjukuu, hubeba ndizi za kupeleka mnadani. Habebi daftari. Basi ndiyo maana watu walishika viuno walipomwona Koleta Ndikumana, fundi dawa wa zahanati, mwanamke aliyekwisha kugawa vidonge vya malaria kupitia kidirisha kidogo kwa miaka ishirini na moja, anapita na begi la shule mgongoni. Alikuwa amejiandikisha chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kusomea kwa masafa shahada ya uzamili. Si uzamili wa hivi hivi, jamani. Uzamili wa uchumi wa dawa na sera ya afya.

"Uchumi wa dawa?" watu wakaulizana. "Maana yake atafungua duka la dawa."

"Miaka yote hiyo dirishani, bado anasomea kugawa?"

Koleta akajitahidi kueleza. Dawa zinazokuja hazitoshi, akasema, na huko juu kuna mtu lazima achague zije hizi au zije zile. Sasa huyo mtu atajuaje ugonjwa upi unawaelemea watu zaidi? Lazima watu wenyewe waulizwe, majibu yapimwe, halafu achague kwa akili. "Mimi nasomea kuchagua," akamaliza.

Jirani yake Clotilda, ambaye wote humwita Mama Anold, alikuwa akichambua maharage. Akainua uso. "Kuchagua? Mbona mimi huchagua kila siku na sijafika hata Kahama?"

Hapo Koleta akaacha kueleza. Kuna mambo ukiyaeleza zaidi yanaharibika.

Mtu mmoja tu hakuuliza kitu, naye ni mama yake mzazi, Bibi Nyirabahizi, wa miaka sabini na minane. Bibi huyu alivuka kutoka Rwanda akiwa msichana, akaolewa na Mhangaza wa hapo hapo Keza, akazika mume, akabaki na ng'ombe wawili na ulimi mmoja uliotosha watu kumi. Walikaa naye ua mmoja. Kila asubuhi Koleta, akienda kusomea dirishani zahanati, alipita mlangoni kwake na begi lake. "Shikamoo mama. Umeamkaje?" "Marahaba. Nimeamka salama, nenda shule." Akaenda.

Kweli, siku hizi Bibi alikuwa na vituko. Aliweka chumvi kwenye chai ya mwenyekiti wa kitongoji, naye mwenyekiti akainywa yote kwa heshima. Alichambua maharage akatupa maharage, akapika mawe. Na jioni moja alilikuta koti la mvua la Koleta limetundikwa mlangoni akasimama mbele yake kwa adabu. "Karibu, padri. Mbona umesimama? Kaa." Koti halikukaa. Bibi akaudhika, akasema mapadri wa siku hizi wana maringo. Koleta alicheka siku nzima, akawasimulia wenzake zahanati, nao wakacheka hadi mgonjwa wa sindano akacheka. "Uzee huo," Koleta akasema. Mtu aliyefanya kazi ya afya miaka ishirini na moja! Lakini tusimhukumu mapema. Tutafika huko.

Mwaka wa pili ukafika wakati wa utafiti. Koleta alipewa fomu yenye maswali matano. Je, una shida ya kutembea? Ya kujihudumia? Ya kufanya shughuli zako? Una maumivu? Una wasiwasi? Chini ya maswali kulikuwa na mstari uliosimama wima kama kipimajoto, sifuri chini, mia juu, na mtu alitakiwa aseme afya yake ya leo iko wapi. Watu mia na ishirini. Na chuo kilikuwa kimempa sharti: kilikwisha kumwongezea muda mara mbili, maana zahanati haikuwa na mtu wa kumshikia dirisha. Barua ya mwisho ilisema matokeo yawe mezani tarehe thelathini Juni, la sivyo jina linafutwa na miaka miwili inakwenda na maji.

Chuoni walimfunza sheria ya kuuliza. Usimwongoze mtu. Uliza, andika, shukuru, ondoka. Koleta aliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja.

Alianza na mama yake ili kuuzoeza mdomo. Fomu namba moja. Kutembea? Sina shida. Kujihudumia? Sina shida. Na afya ya leo, mama? Mia. Ahsante mama. Akaondoka.

Namba mbili alikuwa Mzee Theonest, mwenye mkongojo na goti lililovimba kama kiazi kitamu. Ilimchukua dakika nne kukaa: alishika ukuta, akashika mlango, mwisho akashika bega la Koleta mwenyewe.

"Mzee, una shida yoyote ya kutembea?"

"Hakuna shida kabisa."

"Maumivu je?"

"Tunamshukuru Mungu."

Fomu haikuwa na kisanduku cha kumshukuru Mungu. Koleta akaweka alama kwenye "sina maumivu". "Na afya yako ya leo, kati ya sifuri na mia?"

"Mia."

"Mia, mzee?"

"Kwani unataka niongeze?"

Uliza, andika, shukuru, ondoka. Akatoka. Nyuma yake mzee alikuwa anasema kitu, ila Koleta alikuwa na nyumba nyingine sita kabla ya mvua.

Akazunguka Keza nzima, kwa miguu na kwa bodaboda, wiki tano. Alipomaliza akaingiza majibu kwenye kompyuta, akayatuma Dar es Salaam, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kuvuna.

Tarehe mbili Juni, simu. Kule kwao simu ya maana hupokelewa juu ya kilima nyuma ya kanisa, na hata hapo lazima kwanza inase mtandao wa jirani, ikukaribishe Burundi, ndipo ikubali kuwa uko Tanzania. Koleta akapanda mbio. Msimamizi wake alikuwa Profesa Priscila, mama mkali aliyezaliwa Bukoba na kuzeekea Dar.

"Koleta."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nimeona kazi yako. Watu mia na ishirini. Wote wamepata mia."

"Ndiyo, Profesa."

"Wote. Hakuna hata wa tisini na tisa. Koleta, huko Keza hamfi?"

"Tunakufa, Profesa."

"Mnakufa mkiwa wazima?"

Upepo ukapiga. Simu ikamkaribisha tena Burundi, ikamrudisha.

"Nitakwambia ukweli kwa sababu nakupenda," Profesa akasema. "Wenzangu wameangalia hizi namba wakasema umekaa chini ya mgomba ukazipika. Mimi nimekataa. Lakini sina cha kuwaonyesha. Tarehe thelathini ukiniletea mia hizi hizi, siwezi kukuokoa."

Kupika! Koleta aliteremka kilima machozi yakimtoka. Wiki tano hakupata nafasi ya kupika hata ugali, leo anaambiwa amepika takwimu! Alikuwa na hasira na Profesa, na wenzake Profesa, na Mzee Theonest na mia yake. Zaidi alikuwa na aibu. Atasema nini kwa watu waliomwona na begi miaka miwili? Kwamba kweli mtu mzima habebi daftari?

Njiani akakutana na Mama Anold, ana mzigo wa majani kichwani.

"Habari za huko, Mama Anold?"

"Nzuri tu, Koleta. Za kwako?"

"Nzuri." Uongo mtupu.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani salama."

Wakapishana. Hatua tatu, nne. Halafu Mama Anold akageuka nusu, kama mtu aliyekumbuka kufuli.

"Ila mume wangu ameanguka kutoka juu ya mparachichi. Mkono umevunjika sehemu mbili. Na mimi hiki kifua changu ni mwezi wa tatu silali."

Koleta akasimama katikati ya njia mdomo wazi. Mama Anold alikuwa fomu namba kumi na tisa. Mia kwa mia. Hana maumivu. Hana wasiwasi.

"Rudia," Koleta akasema.

"Ameanguka kutoka juu ya..."

"Hapana. Neno la kwanza. Rudia neno la kwanza."

"Ila?" Mama Anold akamtazama kwa huruma, akadhani masomo yamepanda kichwani.

Masomo hayakupanda kichwani. Yalikuwa ndiyo kwanza yanashuka. Koleta akaona nyumba zote mia na ishirini zikipita mbele yake. Kila mtu alikuwa amejibu kama watu wenye adabu wanavyojibu. Nani anaulizwa hali akaanza na jipu lake? Hata msibani watu huanza na "salama". Kwanza nzuri, ndipo ila. Wazee wanaosema kwa lugha ya nyumbani nao ni hivyo hivyo: habari njema, kisha ariko, yaani ila, na ariko ndiyo yenye mzigo. Na yeye, mzaliwa wa hapo hapo, aliyekunywa maziwa ya hapo hapo, aliuliza, akaandika, akashukuru, akaondoka. Watu walikuwa bado mlangoni kwa salamu, yeye anafunga begi. Alikumbuka sasa kile Mzee Theonest alichokuwa akisema nyuma yake. Alisema, "Ila hili goti..."

Akapanda tena kilima. Alimwambia Profesa kwamba anataka kurudia wote, na kwamba chini ya fomu anataka kuongeza kisanduku kimoja.

"Cha nini?"

"Cha ila, Profesa."

"Koleta, hicho hakimo kwenye kitabu chochote duniani."

"Najua, Profesa. Wewe mama yako ukimpigia simu anakwambiaje?"

Koleta akaangalia simu, asije akawa yuko Burundi. Halafu Profesa akacheka, kicheko cha Kihaya kabisa, Dar yote ikamtoka. "Anasema hajambo. Nusu saa nzima hajambo. Nikitaka kukata, anasema ila." Akapumua. "Haya. Rudia. Nitakutetea. Ila..."

"Ila nini, Profesa?"

"Ila tarehe haisogei."

Siku ishirini na nane, watu mia na ishirini. Koleta akaanza upya, na safari hii alikuwa na njia. Anauliza maswali yote kama yalivyo. Anaandika mia yake. Halafu anafunika kalamu, anafunga daftari, anakaa kimya. Hashukuru, haondoki. Anahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Hakuna mtu wa Keza aliyevuka kumi na tano. Kimya cha mgeni ndani ya nyumba yako ni mateso, lazima ukijaze, na cha kukijazia ni ila.

Mzee Theonest alianguka kwenye tano. "Ila hili goti, mwanangu, linanitoa machozi. Usiku sirari. Sirari kabisa." Koleta akaandika neno kwa neno kama alivyofunzwa. Kisha akauliza: "Sasa mzee, ukiweka na hiyo ila, ile mia inabaki ngapi?"

Mzee akafikiri. "Thelathini," akasema. "Na hiyo ni kwa heshima yako."

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Danstan, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alikuwa na ila ya dakika arobaini na saba, ikaanzia mgongoni ikaishia kwa shemeji yake. Mama mmoja alipofikia ila alilia, akasema miaka sita hakuna aliyekaa kumsubiri amalize. Koleta akalia naye kidogo, akafuta fomu kwa upande wa kitenge, akaendelea. Namba zilishuka: arobaini, hamsini na tano, ishirini. Haijapata kutokea mwanafunzi akafurahi hivyo kwa watu kuumwa, hata aliona aibu akaungama Jumapili.

Katikati ya mwezi Profesa alipiga simu kuangalia maendeleo. "Nzuri sana, hii naiamini. Lakini namba mbili huyu, goti linamuuma, kwa nini usiku anakwenda Sirari? Sirari si kule mpakani Mara? Kuna hospitali ya usiku?"

"Hapana, Profesa. Halali. Hapati usingizi. Ni er na el tu."

"Ah," akasema Profesa. "Nilikwisha kuandika tanbihi."

Ikafika tarehe ishirini na nane. Fomu mia na kumi na tisa zimejaa. Ikabaki moja, ya namba moja.

Saa nne asubuhi, jua kali. Bibi Nyirabahizi alikuwa uani kwenye mkeka, ungo wa maharage magotini. Koleta akavuta kigoda akakaa mbele yake, karibu kiasi cha kugusa ungo. Akauliza yote matano. Sina shida, sina shida, sina shida. Na afya ya leo? Mia. Akafunika kalamu, akafunga daftari, akanyamaza.

Moja, mbili, tatu. Kumi na tano ikapita. Thelathini. Koleta akajiambia, naam, huyu ndiye bingwa. Bibi alichambua maharage bila haraka, vidole vikipapasa. Sitini. Kuku akapita. Mia na ishirini.

Bibi akainua kichwa, akageuza sikio upande.

"Koleta?" akaita.

Koleta alikuwa pale pale, mbele ya macho yake, juani.

"Ameondoka," Bibi akamwambia kuku. "Hata kuaga hakuna. Elimu imemharibu mtoto wa watu."

Chumvi. Mawe kwenye maharage. Koti la mvua, Mungu wangu, koti la mvua, na yeye alicheka siku nzima!

"Mama," akasema. "Nipo."

Bibi akashtuka, ungo ukainama. "Uko wapi?"

"Mbele yako, mama."

Mikono ya Bibi ikatulia juu ya maharage. Mwishowe Bibi akasema taratibu, "Ila macho. Macho tu."

"Tangu lini?"

"Tangu unaanza shule. Kwanza ilikuwa ukungu. Sasa naona mwanga, na kama kuna mtu naona weusi wake. Wewe nakujua kwa begi, lina zipu inayolia."

"Mama! Nimekuuliza hali kila asubuhi miaka miwili!"

"Uliniuliza nimeamkaje. Nimeamka salama. Na hiyo karatasi yako imeuliza miguu, ikauliza wasiwasi. Haikuuliza macho."

Ni kweli, haikuuliza. Maswali matano, na macho hayamo. Koleta akashika kichwa.

"Ningekwambia ungeacha shule," Bibi akasema. "Nakujua. Ungekaa hapa unanishika mkono kwenda chooni. Nikasema hapana, amalize kwanza. Halafu uliposema kuna karatasi ya sifuri mpaka mia, nikajua ni mtihani. Nikaenda kanisani nikawaambia watu wote, Theonest, Danstan, Mama Anold, wote: mwanangu ana mtihani, akija kwenu mpeni mia. Mtu asimwangushe." Akanyoosha shingo kwa fahari. "Walikupa?"

Koleta alitaka kukasirika. Alitafuta hasira kila mahali, hakuipata. Kata nzima ilikuwa imempa alama. Mzee Theonest, na goti lile, aliuliza kama aongeze!

"Walinipa, mama," akasema. "Wote."

"Basi. Sasa mimi na macho yangu ni ngapi? Usiniongoze."

"Sikuongozi."

"Andika ishirini," Bibi akasema. "Ila usifeli."

Akaandika, na herufi zikacheza kwa machozi. Fomu zikaenda Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe thelathini, kisanduku cha ila kikiwa kimejaa mia na ishirini kwa mia na ishirini. Na siku hiyo hiyo Koleta akaanza kuulizia madaktari wa macho.

Walikuja mwezi Agosti, kambi ya siku tano Biharamulo. Mtoto wa jicho, daktari akasema, macho yote mawili, anatolewa, mbona mmechelewa? Koleta alistahili swali hilo. Walianza na jicho la kulia. Asubuhi yake, Koleta akiwa kwenye benchi anasubiri bandeji itolewe, simu ikalia kidogo kifuani. Ujumbe wa Profesa Priscila. *Imepita. Wenzangu wameomba wakitumie hicho kisanduku. Ila sahihisha ukurasa wa arobaini.* Koleta akausoma mara tatu, akaibusu simu mbele ya watu.

Muuguzi akatoa bandeji. Bibi Nyirabahizi akapepesa, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. Daktari akaingia na koti lake jeupe. Bibi akamkagua kuanzia chini hadi juu.

"Safari hii," akasema, "koti lina mtu ndani."

Kisha akageuka kwa binti yake. Alimtazama muda mrefu.

"Mama, nimefaulu," Koleta akasema. "Jicho je? Kati ya mia?"

"Mia," akasema Bibi.

Koleta hakushukuru, hakuondoka. Akakaa kimya, akahesabu. Alipofika tisa, Bibi akanyoosha mkono akamshika shavu.

"Ila umezeeka, mwanangu," akasema. "Ulipoanza shule hukuwa hivi."

Koleta akacheka mpaka akalia, au alianza kulia akamalizia kucheka, mwenyewe hajui. Kisha akapapasa begini, zipu ikalia, akatoa kalamu.